Kidaka hakipozi ampli, jamani

Hii ni ya tatu wiki hii. Ampli, ile mashine ya kukuza sauti ya muziki, imeungua, imeletwa mezani kwangu hapa Langoni, Lamu, na mwenyewe anasema maneno yale yale: fundi, haiwezi kuwa joto, sisi tunakaa nyumba ya mawe, ampli iko kidakani (ile rafu ya shimo ukutani) na pale ukutani pana baridi mpaka ukiegemea unasikia raha. Nishachoka kumjibu mmoja mmoja, wacha niandike.

Ukuta wa Lamu ni baridi kweli, hilo silikatai. Jiwe la matumbawe na chokaa, ukuta mnene, jua la mchana linaingia polepole mpaka magharibi inafika na ndani bado hujalisikia. Sasa hebu ifikirie hiyo polepole. Ukuta unaochelewa kupitisha joto la jua ndo huo huo unaochelewa kunywa joto la ampli! Alumini ya hitisinki, kile kipande chenye mapezi cha kutoa joto la ampli, inapitisha joto zaidi ya mara mia kuliko jiwe kama lile, na hewa iliyotulia ni mbaya kuliko jiwe. Ampli haipozwi na kitu baridi kilichokaa karibu nayo, inapozwa na hewa inayopita. Hewa inashika moto kwenye mapezi ya hitisinki, inakuwa nyepesi, inapanda, nyingine inaingia kwa chini kuchukua nafasi yake, basi hivyo hivyo. Kidaka kina mgongo, kina mbavu mbili, kina dari, na mlango ni huo mmoja wa mbele, kwa hivyo hewa moto ikipanda inagonga dari, inajikunja, inashuka na ampli inaivuta tena. Baada ya nusu saa inavuta pumzi yake yenyewe.

Kuna mama mmoja alikataa kabisa mpaka nikaenda kwake Mkomani. Nikamwambia mama, mkono wa kushoto weka ukutani, hapa nje ya kidaka, wa kulia uingize ndani juu ya ampli. Ule wa kulia akautoa mbio: "Lo, mwanangu, humu mna tanuri!" Na juu ya ampli palikuwa na kitambaa cha maua kimetandikwa vizuri, kimeziba matundu yote.

Ampli ya klasi AB, ile aina ya kawaida, ikivuta wati 100 za stima, nusu na zaidi zinabaki ndani kama joto. Hiyo ni sawa na ile globu ya zamani ya wati 60. Ungeiwasha globu ile ndani ya kidaka, ukaifunika kitambaa, ukaenda kulala? Na usiniambie wewe unapiga sauti ya chini, manake AB ina bayasi, yaani transista zinapitisha umeme hata kabla wimbo haujaanza, na volyumu ya katikati tu yatosha kuichemsha. Klasi D, aina inayowasha na kuzima transista kwa kasi, inapoteza kidogo, ukiwa nayo hofu ipungue, lakini matundu yake usiyazibe.

Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukizifunga sambamba upande mmoja zinakuwa omu 4, umeme unaopita unaongezeka maradufu na joto nalo linapanda. Soma nyuma ya ampli inakubali omu ngapi kabla ya kufunga.

Halafu feni. Kila mtu ananiuliza feni. Feni inayopuliza ndani ya shimo lisilo na pa kutokea inazungusha joto lile lile, na hewa yetu ni ya chumvi, inaingizwa mule saa zote pamoja na vumbi, chumvi inanyonya unyevu na shaba inafanya ukijani. Ukilazimika tafuta feni ndogo ya mwendo wa pole, ivute joto kutoka juu na kulitupa nje.

Hii ya leo nimeifungua sasa hivi. Unga mweupe wa chokaa umedondoka kutoka dari ya kidaka ukajaa kwenye mapezi, grisi chini ya transista imekauka inabanduka kama magamba, kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa, na ile gundi waliyozishikia kiwandani imegeuka kahawia, na gundi ile ikifika hapo inaanza kupitisha umeme. Vitabu vinasema kapasita ukiipunguzia nyuzi 10 za joto maisha yake yanakuwa maradufu, hesabu hiyo naitumia, lakini nikisema kweli, hii iliyo mbele yangu siwezi kuapa kwamba joto peke yake ndo limeiua. Chumvi imo, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao umo. Ninachojua ni kwamba zilizokaa mezani huwa naziona mara chache kuliko zilizokaa kidakani.

Kwa hivyo itoe. Iweke juu ya meza, iachie sentimita 10 kwa juu na pembeni, deki usiipandishe juu yake, na miezi ya kaskazi ukimaliza kusikiliza izime kabisa kwenye soketi. Yule mama kidakani amerudisha mabakuli yake.

Na ukiniletea ampli iliyoungua njoo na spika zake, manake nikitengeneza bila kupima omu zake itarudi hapa hapa.