Fosa wa Madagaska si paka

Masikio ya mviringo, manyoya ya kahawia, kucha zinazorudi ndani kiasi: ukimtazama fosa haraka utaapa ni puma mdogo, yule paka mkubwa wa Amerika. Dhana hii ni ya zamani. Hata baadhi ya wataalamu wa karne ya 19 walimweka katika ukoo wa paka.

Ukweli ni kwamba yuko karibu zaidi na nguchiro. Mwaka 2003, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa wanyama wala nyama wote wa asili wa Madagaska, fosa akiwemo, wametokana na babu mmoja aliyevuka bahari kutoka Afrika kati ya miaka milioni 18 na 24 iliyopita, yumkini juu ya miti iliyochukuliwa na maji. Kisiwani hakukuwa na paka, hivyo uzao huo ukashika nafasi yao.

Mtazame miguu. Paka hutembea kwa vidole. Fosa mara nyingi hukanyaga kwa unyayo. Vifundo vyake hugeuka kiasi cha kumwezesha kuteremka mti kichwa chini akimfukuza lemuri (mnyama wa mitini anayefanana na kima), huku mkia unaokaribia urefu wa mwili ukimpa mizani. Hata kujamiiana hufanyika juu: jike hukaa mtini siku kadhaa, madume wakigombana chini.

Na wanaomwogopa kama chui wajue kwamba uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 10. Kuku ataiba, ni kweli, na huuawa kwa sababu hiyo, lakini kinachommaliza zaidi ni ukataji wa misitu.