Kanuni za wakala wa kuandika msimbo: ni nini, na huandikwaje

Kanuni za wakala ni maandishi mafupi yanayokaa ndani ya folda ya mradi, ambayo akili bandia inayoandika msimbo huyasoma kila inapoanza kazi. Agizo ni kitu kingine: ni ombi la kazi moja, na kazi ikiisha nalo limekwisha. Wakala mwenyewe ni modeli ya lugha iliyopewa zana. Anafungua faili, anaendesha amri kwenye terminali, anasoma makosa na kujaribu tena bila kumngoja mtu kila hatua. Ukifungua kikao kipya hakumbuki lolote la kikao cha jana, kwa hiyo jambo lisilokuwemo kwenye msimbo, kwenye kanuni wala kwenye agizo atalikisia.

Jina la faili hutegemea zana. Claude Code husoma CLAUDE.md, Cursor ina folda ya .cursor/rules, GitHub Copilot husoma .github/copilot-instructions.md, na AGENTS.md inatambuliwa na zana kadhaa, Codex ikiwemo.

Chukua mfumo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ndogo mjini Nakuru inayopokea michango ya wanachama kwa M-Pesa. Kanuni ya kwanza ambayo watu wengi huandika ni "shughulikia malipo kwa uangalifu". Hiyo haimsaidii wakala hata kidogo, kwa kuwa haimwambii afanye nini. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba STK Push, yaani ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mwanachama ili aweke PIN, ina majibu mawili. La kwanza hurudi papo hapo na ResponseCode 0, maana yake ombi limepokelewa tu. Huenda mwanachama hata hajaweka PIN. La pili huja baadaye kwenye anwani ya mfumo wako, na hapo ndipo ResultCode 0 inaposema pesa imelipwa. Mwanachama akighairi, hiyo ResultCode huwa 1032. Wakala asiyejua haya anaweza kuingiza mchango kwenye hesabu kwa jibu la kwanza, kisha akaandika jaribio (msimbo mdogo unaopima msimbo mwingine) linalothibitisha kosa hilohilo, na kila kitu kikaonyesha kijani, rangi ya jaribio lililopita, huku vitabu vya SACCO vikiwa na pesa zisizokuwepo.

Kanuni inayofaa basi isomeke hivi: "Mchango urekodiwe tu baada ya jibu la pili lenye ResultCode 0. Kabla ya kurekodi, angalia kama CheckoutRequestID hiyo (kitambulisho cha ombi) imesharekodiwa; jibu lilelile likifika tena, marudio hayo yapuuzwe. Majaribio yako tests/malipo.test.ts." Ina jambo la kufanya na mahali pa kuhakikisha. Kanuni ambayo huwezi kuipima kwa amri au kwa kusoma mistari michache ya msimbo, iandike upya.

Nambari za simu na saa nazo huleta hasara kimyakimya. Andika kwamba nambari zote zihifadhiwe kwa tarakimu 12 zinazoanza na 254, na ile ya 07 au 01 igeuzwe inapoingia, kabla haijafika kwenye hifadhidata. Andika pia kwamba ripoti za siku zihesabiwe kwa saa za Nairobi. Seva nyingi hutumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo malipo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku huangukia siku iliyotangulia. Mwisho wa mwezi hilo hugeuka ugomvi na mweka hazina.

Usijaze faili. Kila mstari husomwa kila kikao, hula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) na kushindania usikivu wa modeli na kazi yenyewe. Kwa mradi mdogo mistari mia moja inatosha kabisa. Weka amri kamili za kujenga na za kupima, matoleo ya programu, na mambo ya ofisi ambayo msimbo hauyasemi, kwa mfano kwamba "mdhamini" anayeonekana kwenye skrini yumo kwenye jedwali la guarantors. Mpangilio wa nafasi na mabano uachie kipangaji cha msimbo. Hiyo si kazi ya maneno. Ukiandika LAZIMA kwenye kila mstari, neno hilo halitabeba uzito pale unapolihitaji kweli.

Agizo la kazi nalo lina sehemu zake: unataka nini, kwenye faili zipi, nini kisiguswe, na kazi itahesabika imekwisha lini. "Rekebisha ripoti" ni mwaliko wa kubadilisha faili ishirini. "Ripoti ya Mei inakosa malipo ya usiku wa tarehe 31, sababu itafutwe kwenye src/ripoti, jedwali lisibadilishwe, na uongeze jaribio linaloshindwa kabla ya marekebisho na kupita baada yake" humpa wakala mahali pa kusimama. Kwa kazi kubwa omba mpango kwanza, usome, ndipo uruhusu msimbo uandikwe.

Kosa linalostahili kanuni yake ni wakala kulegeza jaribio ili lipite. Mkataze kubadilisha majaribio yaliyopo bila idhini, lakini mwambie pia la kufanya badala yake: asimame na aeleze kwa nini limeshindwa. Katazo lisilo na njia mbadala humwacha atafute mlango mwingine. Mwambie vilevile ahifadhi kazi kwenye git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, kila jaribio linapopita, ili stima ikipotea mchana, kitakachopotea ni hatua moja tu.

Na kanuni ni ombi, si kufuli. Kikao kikirefuka, mazungumzo ya mwanzo hufupishwa na maagizo yanaweza kupotea. Tena wakala anaweza kukutana na maagizo ya mtu mwingine ndani ya maktaba (msimbo wa wengine ambao mradi unautumia) au ukurasa anaousoma. Jambo lisilopaswa kutokea kabisa lizuiwe nje ya maandishi. Kompyuta anayofanyia kazi iwe na funguo za sandbox.safaricom.co.ke pekee, yaani mazingira ya majaribio ya Safaricom yasiyogusa pesa halisi, tawi kuu la git (toleo rasmi la msimbo) lifungwe lisipokee msimbo ambao haujakaguliwa na mtu, na akihitaji kuchungulia data halisi apewe akaunti ya kusoma tu, isiyoweza kufuta wala kuandika.

Ongeza kanuni kosa linapojirudia. Kila baada ya muda jaribu kuondoa moja, fungua kikao kipya na umpe kazi inayoigusa. Akifanya sawasawa bila hiyo kanuni mara kadhaa, ifute.