Bando la nini? Dhana potofu kuhusu swicha za video na kuziendesha kwa mbali

Jumapili moja ya mwezi wa sita nilikuwa Uyole kanisani kwenye tamasha la kwaya, baridi ile ya asubuhi ambayo vidole vinakuwa vigumu hata kukaza kebo, mi nimekaa ghorofani na laptopu, swicha yenyewe, lile boksi la kuchagua kamera ipi ionekane, iko chini mbele karibu na spika, katikati yetu kuna waya wa mtandao tu umepita pembeni ya ukuta. Akapanda mzee mmoja wa kanisa, nikamwamkia, akaitikia, akasimama anaangalia kamera zinavyobadilika kwenye skrini kubwa kila nikigusa kitufe. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapo bando linakwenda kiasi gani? Tuchange kidogo?" Nikamwambia baba, hapa haijatumika hata MB moja, hii rauta haina laini ndani. Akaigeuza rauta akatafuta mahali pa laini, hakupaona.

Sikumshangaa, maana hata mafundi wenzangu tunaopiga kazi za harusi na kwaya huku Mbeya, Njombe mpaka Iringa wengi wanaamini hivohivo. Na matatizo mengi ninayoitiwa usiku usiku "kaka swicha imegoma" mzizi wake ni huu mmoja: watu wanachanganya njia ya picha na njia ya amri. Picha inatoka kwenye kamera, inapita kwenye kebo ya picha, HDMI au SDI, inaingia kwenye swicha, inatoka kwenda projekta au kwenye laivu. Amri, yaani lile neno "weka kamera ya pili", ni ujumbe mdogo sana unaotoka kwenye laptopu au simu kwenda kwa swicha. Zinakutana ndani ya boksi la swicha tu. Ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka.

Tuanze na hiyo ya mzee, "bila intaneti huwezi kuendesha swicha kwa mbali". Sio kweli. Swicha kama ATEM (za kampuni ya Blackmagic Design) inaongea na laptopu kwa mtandao wa ndani, rauta hapo kazi yake ni kugawa njia tu, intaneti unaihitaji ukitaka kurusha laivu au kama wewe mwenyewe uko mji mwingine. Kinachowaponza watu ni anwani, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao (IP). ATEM nyingi zimetoka kiwandani na anwani 192.168.10.240, halafu rauta nyingi za nyumbani zinagawa anwani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0, sasa unachomeka waya, vitaa vinawaka vizuri, unafungua ATEM Software Control, ile programu ya kuiendeshea, inakuambia haioni kitu. Hapo ndo mtu anakimbia kununua vocha, mwingine anabadilisha waya mara tatu, na waya hauna kosa lolote. Namba tatu za mwanzo lazima zifanane kwa laptopu na kwa swicha, ile ya mwisho itofautiane. Kwa hiyo laptopu yako ipe anwani kwa mkono, mfano 192.168.10.50, na ile maski ya mtandao (subnet mask) iwe 255.255.255.0, basi, zitaonana. Au chomeka swicha kwa USB, fungua programu ya ATEM Setup, uibadilishe anwani yake ifuate rauta yako, alafu iandike kwenye kipande cha plasta ubandike tumboni mwa swicha. Mi ya kwangu imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na hiyo plasta imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote kwenye begi.

Na ukiweza tumia waya, sio waifai. Ukumbi ukiwa mtupu asubuhi waifai inakwenda vizuri mno, watu mia tano wakishaingia na simu zao mambo yanabadilika, maana bendi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana (1, 6 na 11) na kila mwenye hotspoti anazigombea, halafu miili ya watu nayo inanyonya mawimbi. Unabonyeza, inakaa, inakaa, kisha inakata mara mbili mfululizo. Waya wa mtandao unafika mita 100 bila shida, na hiyo inatosha kanisa lolote nililowahi kufanyia kazi huku. HDMI usiilinganishe na huo, kebo ya kawaida ikizidi mita 10 au 15 anza kuiogopa, ndo maana kwa kamera ya mbali watu wanatumia SDI.

Kuna hii nyingine inawatia watu hofu sana: "laptopu ikizima, picha zote zinazima."

Nakumbuka harusi moja Njombe, bibi harusi yuko mlangoni anaingia, matarumbeta yameshaanza, na mtu ambaye mpaka leo simjui akachomoa chaja yangu kwenye ekstensheni achaji simu yake. Betri yangu ilikuwa imechoka zamani, laptopu ikazima palepale. Mwenyekiti wa kamati akaja mbio, "Fundi, picha, picha!" Nikamwonyesha skrini kwa kidole. Kamera ya mlangoni ilikuwa bado iko hewani, bibi harusi anaonekana na shela lake mpaka chini, kama hakuna kilichotokea. Nikapiga hatua sita hivi mpaka kwenye swicha nikabonyeza namba 3 kwa mkono, kamera ya kwa bwana harusi ikaingia, tukaendelea. Laptopu ilikuwa imeshika amri tu. Picha yote ilikuwa inachakatwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa na umeme wake.

Lakini hapa panahitaji umakini, kwa sababu dhana hii ni ya kweli kwa mtu anayetumia vMix au OBS, programu za kompyuta za kuchanganya picha. Hapo laptopu yenyewe ndo swicha, kamera zimeingia ndani yake, ikizima kila kitu kimezima. Watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima na wote wana haki, kila mmoja anaongelea mtambo wake. Sisemi vMix mbaya, naipenda kwa maandishi na kurudia matukio, ila ukiichagua basi chaja na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ndo roho ya kazi, ilinde kama unavyolinda kadi ya kumbukumbu. Na hata boksi nalo lipe UPS, hizi ndogo zinakula volti 12 za DC tu, UPS ndogo inazibeba mpaka jenereta iwake.

Kingine, kile kidude cha bei ndogo chenye matundu matatu ya HDMI na rimoti yake, watu wanakiita swicha. Kile ni cha kuchagulia TV nyumbani. Niliitwa Tukuyu kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya, wamekiweka kile, kila wakibadilisha kamera skrini inakuwa ya bluu sekunde mbili hivi imeandika hakuna signo, alafu ndo picha inarudi. Mama mmoja wa kwaya aliniambia kwa uchungu wimbo wao wa kwanza wote umeonekana vipande vipande. Sababu ni kwamba kila kikihama, projekta inaanza upya kusalimiana na kamera mpya. Swicha ya kweli inazipanga kwanza fremu (zile picha moja moja zinazounda video) za kamera zote ziende pamoja, projekta inaona chanzo kimoja tu muda wote, ndo maana inakata bila hata kupepesa. Boksi za namna hiyo zilikuwa ghali sana kwetu, mpaka ATEM Mini ilipotoka 2019 kwa dola 295, na hapo ndo vijana wengi wa studio ndogo tukaanza kugusa kitu cha maana.

"Picha inachelewa kwa sababu unaendesha kwa waifai." Hapana jamani. Waifai ikichelewa, kinachochelewa ni kidole chako, yaani ile amri. Picha yenyewe kuchelewa, mpaka mdomo na sauti haviendi pamoja, kunatoka sehemu nyingine: kamera inachukua muda wake kuitoa kwenye HDMI, swicha inashika fremu moja au mbili kuzipanga, projekta nayo inaichakata. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, hesabu mwenyewe zikifika tatu nne. Ukitaka kupunguza, ingia kwenye projekta au TV uzime zile "maboresho" za picha, weka hali ya gemu kama ipo. Na kwa aliyekaa nyuma kabisa, sauti nayo inatembea, mita 34 inazimaliza kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo yeye mara nyingi anaona viko sawa wakati wa mbele analalamika.

Sasa hii ya fremu 60 kwa sekunde nataka niiseme kwa kirefu kidogo maana inaharibu kazi nyingi nzuri. Kijana ananunua kamera, anaona 60, anasema kubwa ndo bora, anaweka. Umeme wetu Tanzania ni wa 50 Hz, taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni ila kamera inaona, ukiweka 60 na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 unapata ile mistari inayopanda na kushuka ukutani kama maji. Weka 25 au 50, shata 1/50 au 1/100, mistari inatulia. Na ATEM Mini ina tabia moja, usipoipangia yenyewe inafuata chanzo cha kwanza kuchomekwa, sasa ukianza na laptopu ya 60 mtambo mzima unakuwa wa 60, kamera zako za 25 zinalazimishwa kugeuzwa na mtu akitembea anaonekana anarukaruka. Nenda kwenye programu, chagua 1080p25 au 1080p50 (yaani fremu 25 au 50) kwa mkono, kabla hujachomeka hata kamera moja. Swicha nyingi za zamani hazikugeuzii kabisa, kamera isiyofanana haionyeshi kitu.

Ukichomeka dekoda ukapata weusi, tundu halijafa, usilifungue. Ni ulinzi wa HDCP, uliwekwa makusudi kuzuia kunakili, na swicha inaukataa. Kuna laptopu nazo zinafanya hivyo.

Lingine linaloniuma ni "kazi ya swicha ni kubonyeza tu, mpe mtoto yeyote". Linakuja na jingine, kwamba swicha ndogo haina sehemu ya kuchungulia picha kabla haijaenda hewani. Inayo. ATEM Mini ukiitoa kwenye boksi imewekwa namba uliyobonyeza iende hewani moja kwa moja, lakini ndani ya programu kwenye mapendeleo unaibadilisha, ukibonyeza picha inakuja kwanza pembeni inasubiri, unaitazama, je fokasi ipo, je kameramani ameshatulia, ndo unakata. Hapo ndo unaepuka kuwaonyesha watu mia tano kamera inayotafuta fokasi kwenye dari wakati mama wa bibi harusi anafuta machozi. Huyo mama hatarudia kulia tena ili wewe upate picha.

La mwisho, watu wanasema kuendesha kutoka mkoa mwingine haiwezekani bila intaneti ya nguvu ya ajabu. Nimelifanya. Mtoto wangu aliumwa nikabaki Iringa, Kihesa, kazi iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300, mwenzangu yuko ukumbini na kamera. Tukaweka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vya mbali kama viko mtandao mmoja, kwenye laptopu iliyobaki kule ikawa daraja mpaka kwenye swicha, na amri zilikwenda vizuri tu kwa mtandao wa simu, amri ni nyepesi mno. Kinachokula bando ni picha: kurusha laivu kwa megabiti 4.5 kwa sekunde ni kama GB 2 kwa saa. Kosa langu lilikuwa kuangalia matokeo YouTube. Kule picha inachelewa sekunde nyingi, nikawa nampeleka hewani mwimbaji ambaye ameshakaa, wimbo mzima wa kwanza niliuharibu hivyo na niliwaomba radhi wenye shughuli. Wimbo wa pili tukafungua simu ya video, mwenzangu akaielekeza kwenye TV yenye kamera zote, ikachelewa chini ya sekunde moja, kazi ikaenda.

Ila msifungue swicha kwenye intaneti waziwazi kwa kufungua mlango (port) kwenye rauta. ATEM Software Control haiulizi nywila, aliyeingia kwenye mtandao mmoja na swicha anaweza kukata kamera kama wewe unavyokata. OBS wao wameweka nywila kwenye kuunganisha kwa mbali, itumieni, msiizime kwa uvivu. Mi siku hizi natembea na rauta mbili, moja ya kazi ambayo waifai yake nimeizima kabisa, inatumia waya tu, na nyingine ya wageni. Vijana wa kwaya wakija "kaka tunaomba waifai", nawapa ya pili.