"Pakavu kabisa chini, fundi": dhana za gari linalonuka petroli

Karibu kila anayeniletea gari linalonuka petroli anafika na utetezi ule ule: "Nimechungulia uvunguni, hakuna hata tone. Halivuji." Kisha anaomba nibadilishe plagi, au anauliza kama nina marashi makali zaidi ya kuning'iniza kwenye kioo. Sakafu kavu haithibitishi chochote. Nimechoka kulieleza hili nikiwa nimeinamia boneti, kwa hiyo naliandika.

Petroli si oili. Oili ikivuja hudondoka na kuacha doa. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Dar. Unyevu mdogo kwenye kiungo cha mpira unakauka kabla haujawa tone, kinachobaki ni harufu. Tena gari ulilolichungulia asubuhi lilikuwa limezimwa. Kwenye magari mengi, injini ikiunguruma pampu husukuma mafuta kwa presha ya takribani ba 3. Ukizima, presha inashuka na ule upenyo mdogo unaacha kutoa kitu. Umechungulia wakati mwizi kashaondoka.

Halafu kuna mvujo ambao hauna hata njia ya kufika chini. Kwenye Vitz, IST, Passo na ndugu zake, pampu imo ndani ya tenki na unaifikia kwa kunyanyua siti ya nyuma. Mtu akibadilishiwa pampu, kisha fundi akarudisha gasketi ile ile iliyokwisha kuvimba, au mbaya zaidi akapaka silikoni ambayo petroli inaila, ukijaza fulu mafuta yanapenya na kutuama juu ya tenki. Hayaonekani uvunguni. Mvuke wake unapanda moja kwa moja walipokaa watoto. Tenki likifika nusu harufu inapotea, na mwenye gari anasema limepona lenyewe. Mwisho wa mwezi anajaza tena fulu, harufu hiyo imerudi. Wengine wananiambia linanuka likipanda Kitonga tu. Naam, mlimani mafuta yanaegemea upande mmoja wa tenki na kufikia pale pasipozibwa vizuri.

Ndiyo maana mimi siulizi linavuja wapi, nauliza linanuka wakati gani. Likinuka baada ya kujaza, naanzia mfuniko wa pampu na mpira wa shingo ya tenki. Likinuka asubuhi tu injini ikiwa ya baridi, kisha likatulia likipata moto, nashuku oringi za nozeli (vinyunyizio vya petroli kwenye injini) na mipira iliyokakamaa. Likinuka kwenye foleni, fanya jaribio hili kabla hujaja kwangu: AC ikiwa inavuta hewa ya nje, ibadilishe izungushe hewa ya ndani. Harufu ikipungua, chanzo kiko kwenye boneti, maana hewa ya nje huingilia chini ya waipa. Ikizidi, nyanyua siti ya nyuma. Jaribio hili ni la bure, na linanipunguzia nusu ya kazi. Wachache sana hulifanya.

Kiungo ninachokishuku nakikausha kwa hewa ya kompresa, nawasha injini, namulika kwa tochi. Vumbi nalo husaidia, maana palipolowana hukamata vumbi jeusi kuliko pembeni yake. Nikikuta mpira umechoka nakata na kuweka mpya, na hapa tafadhali usiniletee mpira wa maji eti unaingia vizuri. Petroli inaulegeza na kuuvimbisha. Tafuta ulioandikwa SAE J30R9, huo umetengenezwa kuhimili mafuta ya presha.

Sabuni ya mche? Ndiyo, inaziba tundu la tenki, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Lakini maji yanaiyeyusha, na dimbwi moja la masika linatosha kuiondoa. Itumie kufika gereji, si kufika Krismasi.

"Tenki ni tupu, lichomelee tu." Tenki tupu ndilo ninaloliogopa zaidi. Lililojaa lina petroli nyingi na hewa kidogo. Lililotoka kumwagwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka petroli ikiwa takribani asilimia 1.4 hadi 7.6. Mimi sichomelei tenki, nabadilisha.

"Ongeza mpaka ionekane shingoni." Bomba la sheli likijizima lenyewe, inatosha. Ukizidi kubonyeza, petroli inaingia kwenye kopo la mkaa ambalo kazi yake ni kunasa mvuke, si kunywa mafuta. Mkaa ukilowa, gari linanuka na huenda likawasha taa ya injini. Hizo shilingi elfu mbili za mafuta ulizolazimisha ziingie zitakugharimu kopo jipya.

"Gari la zamani lazima linuke." Hapana. Linanuka kwa sababu mipira yake ni ya zamani, na mipira inauzwa.

Kuhusu plagi, nitakubali kwa sharti moja. Harufu ikitoka kwenye bomba la moshi, na gari linatetemeka likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyaga mafuta), basi plagi au koili imeshindwa na petroli inatoka haijaungua. Waliokata masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi) wataisikia harufu hiyo kali zaidi. Lakini plagi mpya haizibi mpira uliopasuka, na walioninunia kwa kukataa kuzibadilisha ni wengi.

Jambo moja ambalo karibu hakuna anayelikagua: kijiti cha oili. Kivute, kinuse. Kikinuka petroli na oili imepanda juu ya alama, petroli inashukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ama kwa nozeli inayochuruzika, ama kwa pampu ya presha kubwa kwenye injini za D-4, zile za Toyota zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Oili ya namna hiyo imekuwa nyepesi na hailindi tena beringi. Gari hilo usiliendeshe mpaka kwangu. Piga simu, nitatuma wa kulivuta.