Word inajizima? Weka chini hiyo flashi ya Windows kwanza

Jumatatu nimeletewa laptop ya tatu ndani ya mwezi huu yenye hadithi ileile. Word inafunguka, inakaa sekunde kadhaa, inaandika Not Responding halafu inapotea, na mwenyewe ameshamlipa fundi mara mbili aifute Office na kuiweka upya na bado iko vilevile. Namuuliza sasa unataka nikufanyie nini, ananijibu bila wasiwasi, "nipigie window tu kaka, imechoka hiyo." Nimeona bora niandike maana kuongea nimechoka mimi.

Tuanze na hiyohiyo, eti Office ikisumbua ifute uiweke upya, ikigoma piga window, yaani futa Windows yote uiweke upya. Hii ndio inanitoa povu kuliko zote. Ukiinstoli Office yenyewe inakaa Program Files, sawa, ila kuna mizigo mingine inakaa kwenye akaunti yako wewe, ndani ya folda iliyofichwa inaitwa AppData, na hiyo ukiifuta Office haiguswi kabisa. Mmojawapo ni kache ya brauza, yaani ghala la vitu vilivyoshushwa mtandaoni vikahifadhiwa ili visishushwe tena. Hapo mtu ananikatisha, Word na brauza wapi na wapi? Ni hivi, Windows ina kipande chake cha kuchukulia vitu mtandaoni kinaitwa WinINet, Internet Explorer, ile brauza ya zamani ya Microsoft, ilikuwa inakitumia na Office nayo inakitumia, kwa hiyo zote zinatupa vitu vyake kwenye ghala moja linaloitwa INetCache. Picha ndani ya emaili, templeti za mtandaoni, mafaili unayoyafungua moja kwa moja kutoka Outlook, vingi vinapita humo. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022 lakini ghala lake halikuhama, lipo mpaka kwenye Windows 11, na ukichungulia ndani utakuta folda zilizofichwa zinaitwa Content.MSO, Content.Word, Content.Outlook, majina yanajieleza.

Sasa piga picha desktop ya ofisini haina UPS, umeme unakatika wakati faili linaandikwa humo, au diski C imejaa mpaka imekuwa nyekundu, faili linabaki nusu. Kesho Word inaamka, inakwenda kulisoma lile faili nusu, inajikwaa, chali. Wewe unafuta Office, unaiweka upya, nayo inarudi kulekule kusoma faili lilelile. Unabadilisha sufuria wakati unga wenye wadudu ni uleule.

Na kupiga window kunatibu kweli, sikatai, kwa sababu kunafagia kila kitu pamoja na hiyo kache, na pamoja na mahesabu ya miaka minne uliyokuwa umeyaweka Desktop bila nakala. Halafu fundi anasifiwa.

Kabla hujafika huko fanya kitu cha dakika tano tu, tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye hiyohiyo kompyuta, ingia nayo, fungua Word. Ikifanya kazi vizuri basi Office ni nzima, Windows ni nzima, uchafu uko kwenye akaunti yako. Sijui kwa nini mafundi wengi hawafanyi hiki kipimo, nadhani kwa sababu hakilipwi.

Ukishajua hivyo, funga programu zote za Office, bonyeza Windows na R, andika inetcpl.cpl, kwenye General bonyeza Delete, acha tiki moja tu ya Temporary Internet files na nyingine zote toa, futa, kisha restati. Kama unatumia zile ediini (add-in, vijiprogramu vya nyongeza ndani ya Office) zinazofungukia pembeni mwa ukurasa, zenyewe zina kache yake kwenye %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Office\16.0\Wef, futa vilivyomo ndani.

Ila subiri! Kabla hujafuta, bandika %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook kwenye ile sehemu ya juu ya File Explorer uangalie kuna nini. Nimeshakutana na mhasibu aliyefungua Excel kutoka kwenye emaili, akapiga kazi asubuhi nzima, akawa anasevu kila baada ya dakika kumi kama alivyofundishwa, na vyote vinaingia kwenye hiyo folda ya muda. Ukifagia hapo kazi inaweza kuondoka moja kwa moja. Ndio maana nawaambia watu mpaka wananiona kero, faili la kwenye emaili lisevu Documents KWANZA ndio ulifungue. Hiyo folda ina visa vingine pia, ukifungua kila siku attachimenti yenye jina lilelile, scan.pdf, scan.pdf, scan.pdf, Outlook inaziwekea namba, na ikishafika 99 kwa jina hilo inagoma kufungua nyingine inasema haiwezi kutengeneza faili, watu wanadhani emaili imeharibika kumbe ghala ndio limejaa majina.

Nyingine: "kache nimeshafuta." Umefuta ya wapi? "Ya Chrome." Chrome ina ghala lake peke yake, Firefox nayo hivyohivyo, Word haijui hata kama Chrome ipo duniani.

"Nikifuta kache password zangu zote zitaondoka." Haziondoki. Password, kuki na historia kila moja ina tiki yake, soma kabla ya kubonyeza, sio kutia tiki zote halafu jioni unanipigia simu.

"Ni virusi hivyo", au "RAM ni ndogo." Virusi vipo ndio, skani kama una wasiwasi. RAM ndogo inakufanya usubiri, ila Word inayokufa palepale kila ukiigusa, hata ukiwa umefunga kila kitu kingine, mimi simtafuti mchawi kwenye RAM.

Na kuna wale wakishaelewa wanapitiliza, "basi nitakuwa nafuta kila siku iwe nyepesi." Usifanye hivyo bwana, kache ipo ili usipakue kitu kilekile mara mbili, ukiifuta kila siku unakula bando lako mwenyewe na kurasa zinafunguka taratibu zaidi. Futa kukiwa na tatizo.

Pia msinielewe vibaya kwamba kila Word ikianguka ni kache. Mimi naanza na Windows na R halafu winword /safe, inayofungua Word bila nyongeza zake. Ikitulia humo nashuku ediini au templeti ya Normal.dotm, ile Word inayoitumia kila ukifungua ukurasa mpya, kwanza, na hata draiva ya printa uliyoiweka kama ya kudumu inaweza kuiangusha Word, jaribu kuchagua Microsoft Print to PDF uone.

Yule wa Jumatatu akaunti mpya ilifungua Word bila shida, nikarudi kwenye akaunti yake nikafagia ghala, nikarestati, Word ikafunguka na barua yake ikaendelea pale ilipoishia. Akaiangalia kama dakika nzima hivi, akanigeukia: "sawa kaka, sasa hiyo window unapiga saa ngapi?"