Daraja la Zhaozhou: matao 28 bega kwa bega

Katika mkoa wa Hebei, kaskazini mwa China, kuna daraja la tao la mawe lililokamilika takribani mwaka 605, enzi za ufalme wa Sui. Wenyeji husimulia kwamba Lu Ban, fundi wa hadithi, alilijenga kwa usiku mmoja. Maandishi ya enzi za Tang, ufalme uliofuata ule wa Sui, yanamtaja mtu wa kweli: Li Chun.

Mtihani wake mhandisi wa leo anaufahamu. Mikokoteni inataka daraja lisilo na mwinuko mkali, na udongo wa kingo za mto ni laini. Tao la nusu duara la kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo, mita 37 hivi, lingepanda zaidi ya mita 18. Li Chun akachukua kipande tu cha duara, chenye kimo cha mita 7 na ushei. Lakini tao lililolala hivyo husukuma kingo kwa nguvu kubwa, kwa hiyo alipunguza uzito: kila upande, juu ya mabega ya tao kubwa, aliacha matao mawili madogo yaliyo wazi. Mafuriko yakija, maji hupita humo badala ya kulisukuma daraja.

Matundu hayo ndiyo yanayopigwa picha. Kwa jicho la mkaguzi wa madaraja, uhondo uko chini: tao kubwa si moja. Ni matao 28 membamba yaliyopangwa sambamba kama mbao za sakafu, kila moja likiweza kusimama peke yake. Fundi alimaliza moja, akasogeza jukwaa la mbao lililoyashikilia mawe wakati wa ujenzi, akaanza la pili. Moja likiharibika, halivuti mengine. Ubaya wake ni kwamba matao ya pembeni huweza kuachana na wenzake yakaanguka nje. Ndiyo maana daraja ni jembamba kidogo katikati kuliko miishoni, ili matao yaegemee ndani, na mawe yakabanwa kwa vyuma vyenye kiuno, yaani vyembamba katikati na vipana miishoni.

Hata hivyo, baadhi ya matao ya pembeni yalianguka karne nyingi baadaye. Yaliyobaki yakasimama, yaliyoanguka yakajengwa upya.

Msanifu Liang Sicheng alilipima mwaka 1933, na ukarabati mkubwa ukafanyika miaka ya 1950. Liang hakuridhika: aliona limefanywa jipya mno. Ukitazama mawe ya nje yalivyonyooka na kung'aa, ni vigumu kumpinga.