Utaratibu wa Baba Kettle

Mimi ni mhariri wa filamu, na vijana ninaowafundisha hushangaa kila ninapoanza somo la vichekesho kwa picha ya mwaka 1949, isiyo na rangi, inayohusu familia ya wakulima maskini wenye watoto 15 katika jimbo la Washington, Marekani. Picha hiyo ni Ma and Pa Kettle, iliyoongozwa na Charles Lamont kwa ajili ya studio ya Universal-International. Sababu ya kuichagua huonekana mara tu Percy Kilbride anapotokea kama Baba Kettle: mtu huyu hana haraka na jambo lolote duniani.

Kilbride na Marjorie Main walikuwa wameigiza wanandoa hao miaka miwili kabla, katika The Egg and I, wakiwa majirani tu wa wahusika wakuu. Main aliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, na studio ikaona heri majirani wapewe filamu yao wenyewe.

Kisa chenyewe ni chepesi. Baba Kettle, mvivu asiyeona haya kuazima kila kitu, anaiandikia kampuni ya tumbaku kaulimbiu akitarajia kifuko cha tumbaku, kumbe anashinda zawadi kuu, nyumba ya kisasa inayoendeshwa kwa vitufe, wakati uleule ambapo wakubwa wa mji wamechoshwa na makazi yake mabovu. Jirani yake, Birdie Hicks, kwa kijicho, anadai kwamba kaulimbiu hiyo imeibwa.

Mwandishi asiye makini angetuchekesha kwa ushamba wa familia hii mbele ya mitambo. Hapa, hata hivyo, inayoaibika zaidi ni nyumba, kwa sababu imejengwa kwa ajili ya watu wanaokimbizana na saa, nayo imepewa mtu asiyekimbizana na chochote. Kilbride anazungumza kwa sauti ya puani isiyopanda wala kushuka, na uso wake hautikisiki. Main ana sauti ya kukwaruza inayoweza kuita watoto kutoka bondeni, ingawa majina yao humchanganya. Mmoja akipaza, mwingine anakawia kujibu, na kicheko kinazaliwa katika kule kukawia. Ndiyo maana huwaonya wanafunzi wangu wasikimbilie kukata kutoka uso mmoja hadi mwingine: ukiupunguza ukimya wa Kilbride hata kidogo, umeua mzaha.

Ushahidi bora uko katika Ma and Pa Kettle Back on the Farm ya mwaka 1951, pale 25 inapogawanywa kwa 5 na jibu likawa 14. Hesabu inakwenda hivi: 5 haiingii katika 2, ila katika 5 inaingia mara 1, 25 ukitoa 5 zinabaki 20, na humo 5 inaingia mara 4, basi ni 14. Wakihakiki kwa kuzidisha, 5 mara 4 ni 20, 5 mara 1 ni 5, jumla 25. Wakijumlisha 14 tano, zile 4 tano zinatoa 20, kisha kila 1 inahesabiwa: 21, 22, hadi 25. Kosa ni lilelile mara tatu, yaani 1 iliyo nafasi ya makumi inachukuliwa kuwa mamoja, na kwa kuwa halibadiliki, linajithibitisha lenyewe. Mchezo huu si wao. Wachekeshaji wawili, Abbott na Costello, walikuwa wameutumia mwaka 1941 katika In the Navy, kwa 13 mara 7 kuwa 28. Lakini Costello huucheza kwa ujanja wa mtu anayebishana, ilhali akina Kettle wanaamini kwa utulivu kamili kwamba wako sahihi, jambo ambalo kwangu linachekesha zaidi.

Sitetei kila kitu. Geoduck na Crowbar, wenyeji wa asili wanaomfanyia Baba Kettle kazi zake, wamechorwa kwa dharau ambayo leo inakera.

Kilbride aliaga mfululizo huu kwa filamu ya Waikiki, ufukwe wa Hawaii, iliyotoka mwaka 1955. Studio ikatengeneza nyingine mbili, ya mwisho mwaka 1957, ambamo Parker Fennelly alivaa nafasi ya Baba. Main bado yumo, na sauti ni ileile, ila hakuna tena wa kukawia kumjibu.